Kipimo cha Ustadi katika Mchezo wa Tenisi

Mtu aendaye sokoni kununua mtama hupenda kuitazama pishi kwanza. Hutia mkono ndani akapapasa kitako chake, maana ziko pishi zilizoinuliwa kitako kwa ndani, wala jicho halioni. Asipofanya hivyo, atafika nyumbani, ataupima mtama kwa pishi yake mwenyewe, ndipo ajuapo kwamba amepunjwa. Katika mazungumzo haya twataka kueleza habari za kipimo cha namna nyingine, kisichopima nafaka bali ustadi wa mtu katika mchezo. Huko nako watu hupunja, ila kwa njia ya ajabu: mtu hujipunja mwenyewe, apate kuwanyang'anya wenziwe.

Mchezo wenyewe ni tenisi. Wasomaji ambao hawajauona na wafikiri uwanja ulio sawa, urefu wake futi 78, umekatwa katikati kwa wavu ufikao kiunoni mwa mtu mzima. Wachezaji wawili husimama huku na huku, au wanne wakicheza wawili wawili, na kila mmoja ana raketi mkononi, mfano wa kawa yenye mpini iliyofumwa kwa nyuzi. Hupigiana mpira mdogo juu ya wavu hata mmoja akose. Hesabu yao ni ya kale, na mgeni huicheka: pointi ya kwanza huitwa 15, ya pili 30, ya tatu 40, na ya nne humpa mtu geme moja, ikiwa amemzidi mwenziwe kwa pointi mbili. Mwenye kutangulia kupata geme sita, naye amemzidi mwenziwe kwa mbili, amepata seti; na ashindaye seti mbili ndiye mshindi.

Katika mpira wa miguu mchezaji dhaifu aweza kusitirika kati ya wenziwe kumi. Akikosea, nyuma yake yupo mwingine. Katika tenisi hana pa kujisitiri. Akikutana na mtu amzidiye kwa mbali, atashindwa geme sita kwa sifuri, na tena sita kwa sifuri, na muda wote kazi yake itakuwa kuokota mipira. Wala yule hodari hakupata kitu, maana hakutoka jasho. Wote wawili wamepoteza alasiri yao. Ndiyo sababu, tangu mchezo huu ulipoanza kupendwa na watu wa kawaida, wamekuwa wakitafuta njia ya kuwakutanisha wachezaji kwa haki.

Hapo kale, katika karne ya 19, Waingereza walitumia sana njia ya kumkopesha mnyonge. Aliye dhaifu alianza geme akiwa na 15 au 30 ya bure. Na aliye hodari pengine aliwekewa deni, sharti ashinde pointi moja au mbili kwanza ndipo afike kwenye sifuri. Tena ilikuwako pointi ya akiba, ambayo mnyonge aliruhusiwa kuidai mara moja katika seti, wakati wowote aliopenda. Hiyo ilimsumbua hodari kuliko deni lenyewe, maana hakujua itamwangukia lini. Huko Ufaransa hesabu hizo za kale zimebaki kuwa majina ya vyeo: mchezaji huitwa wa 30, au wa 15/4, au wa 5/6, au wa 0, na walio juu zaidi huitwa wa -2/6, hata -15. Pointi za bure hazitolewi tena. Jina tu limebaki, kama vile mahali pengi huitwa Mwembeni hali mwembe ulikwisha kukatwa zamani.

Njia ya pili ni kuacha kumkopesha mnyonge, na badala yake kumtafutia mnyonge mwenziwe. Ndiyo iliyoenea, nasi twadhani tunajua kwa nini. Ashindaye kwa kukopeshwa hawezi kujisifu sana, na ashindwaye kwa sababu ya deni huondoka amenuna. Watu wawili walio sawa wakikutana, kila mmoja hujua kwamba alichokipata ni chake.

Mfano mkubwa wa njia hiyo uko Marekani. Mwaka 1979 chama cha tenisi cha nchi ile kilianza kutumia mpango wa taifa wa kupima ustadi, na mwaka 1980 kikaanzisha ligi ya wachezaji wa ridhaa, yaani watu wazima wachezao kwa kupenda tu, bila mshahara: wauguzi, mafundi, wanasheria, walimu, na wastaafu wengi. Walianza watu wapatao 13,000. Baadaye wakazidi 300,000 kwa mwaka. Hesabu kubwa hivyo haiwezi kupangwa kwa kujuana. Katika klabu ndogo yenye watu ishirini, ubao mmoja watosha: majina huandikwa kama vipandio vya ngazi, na amshindaye aliye juu yake hukichukua kipandio chake. Lakini mtu wa mji mmoja atamjuaje mtu wa mji wa mbali, mwendo wa siku nzima? Hapo ndipo ilipohitajika pishi moja ya nchi nzima.

Pishi hiyo huanza na 1.0, ambaye leo ndiyo kwanza ashike raketi, na huishia 7.0, ambaye hula kwa tenisi. Kati yake madaraja hupanda kwa nusu nusu. Wa 2.5 bado anajifunza kuukisia mpira utakapoangukia. Wa 3.5 aweza kuupeleka upande autakao, maadamu haukumjia kwa nguvu nyingi. Wa 4.5 ana nguvu na shabaha pamoja, tena huanza kufikiri pigo linalofuata kabla hili halijaisha. Watu wengi wa ligi wamo katika 3.0, 3.5 na 4.0.

Sasa latokea swali: nani amwambie mtu kwamba yeye ni wa 3.5? Zamani waliwekwa wakaguzi waliowatazama watu wakicheza, kisha wakawapa daraja. Njia hiyo ilikuwa na kasoro iliyo wazi. Mtu atakaye daraja la chini hukosea kwa makusudi mbele ya mkaguzi, akaupiga mpira wavuni, akatikisa kichwa kwa huzuni. Na mkaguzi hana jinsi ya kuuona moyo. Baadaye kazi hiyo waliachiwa wawili: mchezaji mwenyewe na kompyuta. Mgeni huulizwa maswali juu ya umri wake, alianza lini kucheza, na kama alipata kuchezea shule au chuo, kisha hujitangazia daraja. Akiisha kuingia na kucheza, kompyuta huchukua matokeo yake na kumpima kwa hesabu.

Hesabu yenyewe haikutangazwa yote, lakini msingi wake wajulikana, nao wastahili kuelezwa kwa utaratibu, maana ndani yake mna jambo ambalo wengi hawalitazamii. Daraja la 3.5 tulionalo ni jina la nje tu. Kwa ndani kompyuta hushika hesabu ndogo zaidi, ya mafungu mia. Wote walio kati ya 3.01 na 3.50 huitwa 3.5. Tuseme basi mchezaji mmoja ana 3.20 na mwenziwe ana 3.40. Kabla hawajaingia uwanjani kompyuta hutazamia kwamba wa pili atashinda, tena kwa geme nyingi. Wakacheza, na huyo wa pili akashinda kweli, lakini kwa shida: sita kwa nne, na tena sita kwa nne. Watu uwanjani humpongeza. Kompyuta haimpongezi. Husema kwamba alitakiwa kushinda zaidi ya hivyo, ikampunguzia kidogo. Na yule aliyeshindwa ikamwongezea, kwa kuwa alijitahidi kuliko ilivyotazamiwa. Matokeo ya siku moja hayakigeuzi kipimo chote, maana huchanganywa na yale ya mechi zilizotangulia. Hata hivyo neno kuu la kushika ni hili: kompyuta haiulizi nani ameshinda, huuliza ameshinda kwa kiasi gani.

Wasomaji walio wanafunzi watakuwa wamekwisha kuiona kasoro ya kwanza. Mtu wa 3.01 na mtu wa 3.50 huvaa jina moja, na umbali uliopo kati yao ni karibu sawa na daraja zima. Wa juu aweza kumshinda wa chini bila kumwachia hata geme moja, wala hapana kanuni iliyovunjwa. Ni kama darasa. Sisi walimu twajua kwamba katika darasa moja yumo mtoto aliyevuka mtihani kwa alama moja, na yumo aliyekosa kupanda darasa la juu kwa alama moja, nao hukaa dawati moja na kusomeshwa somo moja. Darasani hatuoni ubaya, kwa sababu hatuwapiganishi.

Katika ligi hupiganishwa. Timu moja hukutana na nyingine kwa mechi 5 kwa desturi, mbili za mmoja mmoja na tatu za wawili wawili, na ipatayo 3 ndiyo iliyoshinda. Timu iliyo bora mjini huenda kushindana na za wilaya, kisha za jimbo, na mwisho huitwa katika mashindano ya taifa ya daraja lake. Hapana fedha. Pana safari pamoja na marafiki, picha ya ukumbusho, bendera ya kutundika klabuni, na sifa ya kuitwa mabingwa wa Marekani wa daraja la 3.5. Kwa mtu mwenye umri wa miaka hamsini, ambaye katika maisha yake hakupata kuitwa bingwa wa neno lo lote, si jambo dogo.

Bali yafaa kufikiri: ni timu gani itakayoshinda daraja la 3.5? Si ile yenye watu wa 3.5 wa kawaida. Ni ile yenye watu waliosimama ukingoni kabisa, walio na 3.48 na 3.50, wasiomwagikia katika 4.0. Nahodha mwerevu hutafuta watu hao mwaka mzima. Na nahodha mwenye werevu usiofaa hutafuta mtu ambaye kwa kweli ni wa 4.0, lakini karatasi yake yasema 3.5.

Hapo ndipo kujipunja kuingiapo. Njia ya kwanza ni kusema uwongo mlangoni. Mtu aliyechezea chuo kikuu ujanani hujaza kwamba hakupata kufundishwa, akajitangazia 3.0, akaingia kati ya watu wanaojifunza kama papa aliyeingia katika wando la dagaa. Njia ya pili ni ya taratibu zaidi, nayo hutumiwa na waliokwisha kupimwa. Kwa kuwa kompyuta huhesabu geme, mchezaji huyo hujifunza kushinda kwa kiasi kidogo. Akiwa mbele tano kwa moja, hulegeza mkono, akaupiga mpira nje mara mbili tatu, akamwachia mwenziwe geme tatu, kisha akamaliza sita kwa nne. Ushindi ameupata, na kipimo chake hakikupanda. Mashindano makubwa yakifika, mkono wake hukaza tena.

Twamkumbuka mwanafunzi mmoja aliyerudia darasa mara mbili kwa hiari yake, wala si kwa ujinga, bali kwa utamu wa kuwa wa kwanza. Wenziwe waliokuwa wakijitahidi walizoea kushindania nafasi ya pili, na baadhi yao wakakata tamaa ya kusoma. Hakuiba kitu, na daftari zake zilikuwa safi. Tulikawia mno kutambua hasara aliyoileta.

Chama kile hakikukaa kimya. Mchezaji aliyejitangazia daraja mwenyewe huangaliwa msimu mzima, na kipimo chake kikivuka mpaka kwa kiasi kilichowekwa huandikiwa alama ya onyo. Akipata alama ya tatu, huondolewa katika daraja lile, na mechi alizoshinda zaweza kugeuzwa zihesabiwe kuwa ameshindwa. Tena ukiwapo ushahidi kwamba mchezaji alijaza uwongo, mashtaka yaweza kupelekwa. Kanuni hizi hazina budi kuwapo. Ila wasomaji na wawafikirie wachezaji wengine wa timu ile, watu saba au kumi waliocheza kwa uaminifu, wakajua katikati ya msimu kwamba ushindi wao umefutwa kwa ajili ya mwenzao mmoja. Na upo ugumu mwingine ulio mbaya zaidi: mtu mwaminifu aliyeanza kucheza akiwa na miaka thelathini, mwenye mwili mwepesi na bidii ya kufanya mazoezi kila asubuhi, hupanda upesi kama mwongo. Kompyuta haiwezi kuwatenganisha, maana haioni moyo kama vile mkaguzi wa zamani asivyouona.

Wala si hilo tu isiloliona. Haijui kwamba upepo ulikuwa mkali, au kwamba goti la mtu lilikuwa limevimba siku ile. Katika mchezo wa wawili wawili matokeo ni ya wawili, hali kipimo ni cha mmoja. Aliyepata mwenzi mvivu hubeba sehemu ya uvivu wake. Aliyepata maradhi au jeraha lisilopona aweza kuomba ashushwe, na maombi hayo husikilizwa.

Lakini mzigo mkubwa wa kipimo hiki, kwa maoni yetu, haumwangukii mwongo wala aliyepunjwa naye. Humwangukia yule aliyeshinda kwa haki. Fikirini wanawake kumi wa mtaa mmoja waliojifunza pamoja, wakaanza 2.5, wakashindwa mwaka wa kwanza, wakajitahidi, na mwaka wa tatu wakashinda karibu kila mechi. Mwisho wa mwaka kipimo hutangazwa: sita wamepandishwa 3.5, wanne wamebaki 3.0. Timu imekwisha. Wale sita hawawezi kurudi chini, na wale wanne wakipanda kuwafuata watacheza na watu wawazidio. Na timu iliyofika mashindano ya taifa huwekewa sharti la zaidi: wengi wao wakitaka kubaki pamoja, lazima wapande daraja, wasipopanda, watawanyike. Sharti hili liliwekwa ili timu moja isikae kileleni miaka yote, na kwa upande wa timu nyingine ni haki tupu. Kwa upande wa marafiki kumi ni adhabu ya kucheza vizuri. Twaamini kwamba baadhi ya wanaolegeza mikono yao hawafanyi hivyo kwa kutaka bendera, bali kwa kuogopa kutengwa na wenzao. Hatuwahesabii haki, ila twawaelewa.

Wako waliosema kwamba dawa ni kuyavunja madaraja na kuacha hesabu tupu, iliyo wazi mbele ya kila mtu. Mawazo haya yametoka katika sataranji. Arpad Elo, mzaliwa wa Hungaria aliyefundisha fizikia mjini Milwaukee, alitengeneza hesabu ya kuwapima wachezaji wa sataranji, nayo ikakubaliwa na chama cha sataranji cha Marekani mwaka 1960, na shirikisho la dunia mwaka 1970. Kwa hesabu ya namna hiyo, amshindaye aliye juu yake hupata nyingi, na amshindaye aliye chini yake hupata chache. Katika tenisi kilianzishwa mwaka 2008 kipimo kiitwacho UTR, kiendacho kutoka 1.00 hata 16.50, kinachotazama mechi zisizozidi 30 za miezi 12 iliyopita, na kumpanga mwanamume na mwanamke, mtoto na mzee, katika safu moja. Shirikisho la Tenisi la Kimataifa nalo lina kipimo chake, kinachohesabu kinyume: anayeanza ni 40, na walio bora kabisa wako karibu na 1.

Wazi huo una faida. Mtu wa 3.01 hawezi tena kudanganywa kwamba yu sawa na wa 3.50, na nahodha hawezi kumficha papa nyuma ya jina la daraja. Lakini umeleta ugonjwa wake. Mtu akiiona hesabu yake kila wiki, huanza kuilinda kama yai. Vijana wanaotafuta nafasi katika vyuo vya Marekani hutazamwa kwa hesabu hiyo, na baadhi yao wamejifunza kumkwepa mpinzani aliye chini yao, kwa kuwa kumshinda hakuwapi kitu, na kushindwa naye kutawashusha. Wengine hujitoa katika mashindano wakisingizia bega. Yule wa chini, ambaye angejifunza mengi kwa kucheza na aliyemzidi kidogo, hukosa wa kucheza naye. Basi kipimo kilichofichwa huwafanya watu washindwe kwa makusudi, na kipimo kilichofunuliwa huwafanya wasiingie uwanjani kabisa. Sisi tukilazimishwa kuchagua, tungechagua kilicho wazi, lakini kwa watu wazima tu. Watoto tungewaficha hesabu zao hata wakue.

Watu wengine hulaumu hesabu yenyewe, kana kwamba ingepatikana bora zaidi udanganyifu ungekwisha. Nasi twauliza: mbona katika ligi za mitaa zisizo na safari ya jimbo wala taifa, ambapo mshindi hupata kikombe kidogo na kununuliwa chakula na wenziwe, malalamiko ya kujipunja ni machache? Pishi ni ile ile. Kilichopungua ni kile kilichotundikwa juu yake. Na hata hivyo wachezaji wengi hawataki safari ile iondolewe, maana ndiyo inayowaamsha alfajiri ya baridi kwenda kufanya mazoezi.

Orodha ya vipimo vya mwaka hutangazwa karibu na mwanzo wa Desemba. Siku hiyo manahodha huacha kazi zao wakaitafuta kwa simu na kompyuta, jina kwa jina. Yupo afurahiye kupandishwa, akawaandikia jamaa zake habari njema. Yupo ashangaaye kwa nini ameshushwa. Na wapo wengine ambao, baada ya mwaka wa kushinda, jambo la kwanza walifanyalo asubuhi ile ni kupeleka rufani, wakiomba warudishwe chini.